Kaduara Kanakozunguka

Zamu ya kuandika imefika kwetu sisi wa Mutakura, na tumekubaliana kuandika juu ya vidio zinazokwama kwenye simu. Wengine mtacheka. Mlitegemea tuandike juu ya njia ya kutoka Kongo, kama kawaida. Njia tutaiandika siku nyingine. Leo tunaandika juu ya kale kaduara kanakozunguka katikati ya skrini wakati wewe unangoja.

Ilianza kwa msiba. Kuna mama jirani yetu ambaye wote tunamwita Mama Mkubwa, kwa sababu ametulea wengi hapa bila kutuzaa. Alifiwa na mdogo wake wa tumbo moja. Wote wawili ni wa Uvira, lakini vita viliwagawa: yeye alivuka huku Burundi, mdogo wake akaishia Nakivale, Uganda. Miaka mingi walikuwa wanasikilizana kwa simu tu. Kwenda kuzika haikuwezekana. Nauli hakuna, na karatasi za mkimbizi hazitembei kwa haraka ya msiba. Basi mtoto wa marehemu akapiga simu: "Mama Mkubwa, usilie. Nitapitisha mazishi kwenye Facebook moja kwa moja. Utaona yote."

Mazishi yalikuwa saa nane mchana. Tukajipanga kwa saa nane. Saa sita na nusu mmoja wetu akashtuka: jamani, Uganda iko mbele yetu kwa saa moja! Saa nane ya kule ni saa saba ya hapa. Tukaanza kukimbia.

Kikundi chetu kiko na tableti moja, ya zamani, kioo kimepasuka kwenye kona. Ilikuwa imelala ndani ya sanduku miezi mingi, na asubuhi ile tuliichaji kwa shida. Tukaiweka uani juu ya stuli, tukaiegemeza kwenye bido la maji. Wamama wakakaa kwenye mkeka mbele, sisi vijana tukasimama nyuma. Tulikuwa watu kama kumi na tano, jua la Bujumbura likiwa juu ya kichwa, na tableti nayo juani pamoja na sisi.

Kwanza Facebook ilikataa kufunguka kabisa. Ikawa inaandika kwamba muunganisho si salama. Tukazima, tukawasha, tukatoa laini, tukarudisha. Dakika kumi zikaenda. Kumbe betri ilikuwa imekufa kabisa ndani ya sanduku, na tableti ilipoamka iliamini kwamba tuko Januari 2010. Intaneti ya siku hizi inafanya kazi kwa vyeti: kila tovuti inaonyesha cheti chenye tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha. Tableti ikiona cheti ambacho kwake "bado hakijaanza", inafunga mlango. Tulipopanga tarehe na saa, ikafunguka mara moja. Ni jambo la sekunde thelathini, sisi lilitula dakika kumi za mazishi.

Tukaona turubai, tukaona watu, tukaona jeneza. Wamama wakaanza kulia. Halafu kaduara kakatokea.

Hapo ndipo kila mtu akawa fundi. Huyu anasema inua juu. Yule anasema weka hali ya ndege kisha toa. Mwingine anasema futa programu nyingine. Tulifanya yote, tena kwa mara moja. Mama Mkubwa akauliza bila kugeuka:

"Bana yangu, iko namna gani? Mimi naona tu kaduara."

"Inakuja, Mama. Ngoja kidogo."

Tulisema "inakuja" labda mara ishirini. Sauti ilirudi bila picha. Tukasikia kwaya, tukasikia mchungaji anataja ndugu wa marehemu, na Mama Mkubwa akasikia jina lake likitajwa, "dada yake aliye Burundi". Picha ilipotokea ilikuwa imeganda kwenye mgongo wa mtu mwenye shati la buluu. Tulimwangalia yule mtu wa shati la buluu muda mrefu kuliko marehemu. Ilipoanza kutembea tena, kaburi lilikuwa limekwisha kufunikwa na watu wananawa mikono. Halafu ikakatika moja kwa moja.

Mama Mkubwa hakutugombeza. Alisema tu, "Aksanti, bana yangu. Mmejaribu." Akaingia ndani.

Lile neno "mmejaribu" lilituuma. Sisi ndio vijana wa kikundi, sisi ndio tunaojisifu kwamba tunajua simu. Kesho yake tukaenda kwa fundi mmoja anayetengeneza simu karibu na soko. Akatuuliza: "Mlifanya nini kwanza?" Tukasema tulifanya yote. Akajibu: "Kwa hiyo hamjui kitu gani kilisaidia na kitu gani kiliharibu." Toka siku hiyo tumejifunza kufanya jambo moja, kungoja, kuangalia, ndipo tufanye lingine. Wenye haraka hawapendi. Na sisi hatukupenda.

Alituelezea kwa mfano wa robine, na mfano huo tunauleta kwenu kwa sababu ulitufungua macho. Vidio ya intaneti haiji yote kwa pamoja. Inakatwa vipande vidogo vya sekunde chache, na simu inavileta kimoja kimoja, inaviweka akiba kidogo kabla hujaviona. Ni kama bido chini ya robine: maji yanaingia huku, nyinyi mnakunywa huku. Maji yakiingia kwa nguvu kuliko mnavyokunywa, hakuna shida. Mkinywa kuliko yanavyoingia, bido linakauka, na kaduara ndiyo simu inayosema: ngojeni lijae tena. Ukiwa unaangalia kitu kilichorekodiwa, unaweza kusimamisha ukaacha bido lijae. Lakini matangazo ya moja kwa moja hayana akiba kubwa, maana kitakachotokea dakika ijayo bado hakijatokea. Ndiyo maana mpira na mazishi vinakwama kuliko filamu.

Sasa dawa ni mbili tu: ongeza nguvu ya robine, ama punguza kunywa. Sisi siku ile tulihangaika na robine saa yote. Hakuna hata mmoja aliyefikiri kupunguza kunywa.

Kupunguza kunywa ni kushusha ubora wa picha. Kwenye YouTube gusa vidio, gusa alama ya gurudumu lenye meno, chagua ubora. YouTube wenyewe wanasema 360p inahitaji kasi ya megabiti 0.7 kwa sekunde, 480p inahitaji 1.1, 720p inahitaji 2.5, na 1080p inahitaji 5. Na hapa wengi tunadanganyika: hizo ni megabiti, lakini mega tunazonunua dukani ni megabaiti, na baiti moja ni biti nane. Tulikaa na karatasi tukapiga hesabu. Dakika moja ya 360p ni kama mega 5. Dakika moja ya 720p ni karibu mega 19. Dakika moja ya 1080p ni zaidi ya mega 37. Saa moja ya 360p ni kama mega 315, na saa hiyohiyo kwa 720p inapita giga moja. Kwenye kioo cha inchi saba kilichopasuka, tena juani, tofauti ya picha huioni vizuri. Tofauti ya mega utaiona jioni.

Ninyi wafanyakazi wa mashirika mnaosoma hapa, tunawapenda, na hesabu hii ni yenu pia. Kuna wakati shirika moja lilitutumia tangazo la mafunzo kwa vidio ya dakika 12, ubora wa juu kabisa, yenye muziki, milima, na watu wanaotabasamu. Kwa hesabu yetu ile ni kama mega 450 ukiiangalia kwa 1080p. Ndani yake kulikuwa na mambo matatu ya lazima: tarehe, mahali, na karatasi za kubeba. Yalitajwa mwishoni. Wawili kati yetu mega ziliisha kabla ya kufika mwisho, na walipopata habari kwa mdomo orodha ilikuwa imefungwa. Mistari mitatu ya maandishi ingetosha. Tunaomba hivi: mkitutumia vidio, ifanyeni nyepesi, na jambo lenyewe mliandike chini yake. Sauti peke yake pia tunaipenda, tunasikiliza tukiwa tunafua.

Turudi kwenye robine. Hapa Mutakura mambo yaliyotusaidia ni ya kawaida sana. La kwanza ni bati. Nyumba zetu ni za mabati, na bati linazuia mtandao. Ukitoka nje hatua tano unaweza kuona tofauti. La pili ni tundu la laini. Simu nyingi za zamani zenye laini mbili, ni tundu la kwanza tu linaloshika 3G au 4G; la pili linashika 2G ya kupiga na kuandika ujumbe. Mmoja wetu aliteseka mwaka mzima akilaumu kampuni ya simu, kumbe laini yake ya mega iko tundu la pili. Alipozibadilisha alinyamaza siku mbili kwa aibu. La tatu ni hali ya ndege: weka, hesabu hadi kumi, toa, na simu itatafuta mnara upya. La nne ni joto. Simu iliyo juani, inayochajiwa, huku inacheza vidio, inajipunguza nguvu yenyewe isiungue. Tableti yetu siku ya mazishi ilikuwa inachoma mkono. Kivuli cha mwembe kilikuwa pale pale, hatua nne!

Jioni nayo ina mambo yake. Watu wote wa mtaa wakirudi nyumbani na kuwasha simu, mnara ni uleule. Anayetaka kupakua somo apakue alfajiri, aliangalie mchana bila kaduara.

Kuna siku ambazo hakuna la kufanya kabisa, na ni vizuri kulijua hilo usije ukaharibu simu bure. Burundi haina bahari. Intaneti inafika kwa kupitia nchi jirani, na mbele zaidi kwenye nyaya za chini ya bahari. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili, EASSy na Seacom, zilikatika upande wa Msumbiji na Afrika Kusini, na Afrika Mashariki ikasumbuka, Tanzania zaidi. Wenyeji wa Mutakura nao wanakumbuka mwisho wa Aprili 2015, WhatsApp na Facebook zilipofungwa nchini. Juu ya hilo sisi ni wageni, hatuongezi neno. Tunasema tu: kabla ya kufuta programu, uliza jirani kama kwake inafanya kazi.

Kuhusu kufuta, tafadhali mtusikilize vizuri. Simu ikijaa, vidio haichezi vizuri, kwa sababu hata vile vipande vya akiba vinahitaji nafasi ya kukaa. Wengi wetu simu zimejazwa na WhatsApp: kadi za "asubuhi njema" zenye maua, mahubiri, vidio za vichekesho zinazojipakua zenyewe usiku. Ingia kwenye mipangilio ya WhatsApp, zima kujipakua. Halafu kwenye mipangilio ya simu, chini ya programu, utaona mambo mawili yanayofanana: kufuta kashe na kufuta data. Kashe ni takataka za muda, futa bila hofu. Data ni pamoja na akaunti yako. Rafiki yetu alifuta data ya Facebook, ikamwomba nywila, hakumbuki. Akaomba msimbo wa kurudishiwa. Msimbo ukatumwa kwenye namba ya Kongo, laini aliyoiacha njiani akikimbia. Picha zote za marehemu baba yake zilikuwa mule. Hadi leo hajaipata akaunti. Kwa hiyo leo, kabla hujalala, ingia kwenye akaunti zako uweke namba unayoitumia sasa. Na wale ambao bado hawajasajili laini kwa jina lao, kwa sababu duka moja liliwaambia kadi ya mkimbizi halikubali, msichoke, jaribuni sehemu nyingine na mwende wawili. Laini ya jina la mtu mwingine ikifungwa, na akaunti zako zinaenda nayo.

Sasa tumalizie ya Mama Mkubwa.

Tulimwandikia yule mtoto wa marehemu kumwomba radhi. Akajibu kwamba radhi ni yake: mtandao wa pale makaburini ulikuwa unapanda na kushuka, simu yake ilikuwa inapoteza mnara, na ndiyo maana ilikatika. Sisi siku nzima tumeilaumu tableti, kumbe nusu ya shida ilikuwa kule. Vidio ya moja kwa moja iko na sehemu tatu, anayetuma, njia, na anayepokea, na kaduara hakasemi ni wapi. Dalili moja tunayoijua sasa: fungua vidio nyingine yoyote. Ikicheza vizuri, shida haiko kwako.

Tukafikiri tutaangalia baadaye, maana Facebook inaacha nakala. (Angalieni: tangu Februari 2025 nakala hizo zinakaa siku 30 tu, halafu zinafutwa. Ukiwa na ya kwako ya harusi au kilio, ipakue mapema.) Lakini nakala ilikuwa na mashimo yaleyale, shati la buluu na kila kitu. Bahati, kulikuwa na ndugu aliyetoka Kampala na simu mpya, yeye alirekodi bila kutuma moja kwa moja. Wakatutumia faili kwa WhatsApp kama hati ili isipoteze ubora.

Tukaikusanya familia tena. Safari hii jioni, chini ya mwembe, tarehe sawa, kashe imefutwa, faili liko ndani tayari. Tukabonyeza. Sauti safi kabisa. Picha: giza. Kwa mara ya pili Mama Mkubwa akasikia kwaya bila kuona. Mmoja wetu alitoka akaenda kukaa barabarani.

Fundi akacheka tulipomwonyesha, lakini si kwa ubaya. Vidio, alisema, inakunjwa kama nguo ndani ya sanduku, na kuna namna mbalimbali za kukunja. Namna iliyozoeleka inaitwa H.264, ya mwaka 2003. Simu mpya nyingi zinarekodi kwa H.265, iliyotoka 2013, inayokunja hadi faili linakuwa karibu nusu. Tableti yetu ya zamani haijui kuikunjua. Sauti inaisoma, picha inashindwa. Akatuwekea VLC, programu ya bure iliyoanza 1996 kama kazi ya wanafunzi wa École Centrale Paris, ambayo inajua kukunjua karibu kila kitu. Picha ikatokea! Lakini tableti haikuwa na nguvu ya kutosha, picha ikawa inaruka kama chura. Basi tukaomba jambo moja la mwisho: watume tena, wakiikata vipande, na wakituma kama vidio ya kawaida, si kama hati. WhatsApp ikituma vidio ya kawaida inaikunja upya, kwa namna ya zamani, na inaipunguza. Kile tulichokuwa tunakikwepa, kupotea kwa ubora, ndicho kilichotuokoa.

Vilikuja vipande vinne. Hatukuita watu wengi. Tuliingia ndani kwake, watatu tu, tukaweka tableti juu ya meza ndogo karibu na kitanda.

Alikaa kimya kipande cha kwanza chote. Kwenye cha pili wakashusha jeneza, na yeye akainua mkono kidogo, kama mtu anayesaidia kushika kamba. Cha tatu akaanza kutaja watu. "Yule naye alifika. Yule alikuwa jirani yetu Uvira. Huyu naye amezeeka hivi?" Tukasikia tena mchungaji akitaja jina lake, na safari hii tukaona watu wakigeuka kutafuta, kana kwamba yuko pale.

"Rudisha kidogo," akasema. "Pale wanapoimba."

Tukarudisha. Akasema tena rudisha, tukarudisha. Betri ilibaki asilimia tisa na umeme ulikuwa umekatika toka mchana, lakini hakuna aliyemwambia.